"Sida gani?" Vichekesho vya runinga visivyochekesha

Kuna hoteli ndogo karibu na gati la Homa Bay ambako nilizoea kula jioni nilipokuwa mwalimu huko. Runinga ilikuwa juu ya friji ya soda, ndani ya kizimba cha chuma, na rimoti alikaa nayo mama mwenye hoteli ndani ya mfuko wa aproni. Usiku mmoja kulikuwa na kipindi cha kuchekesha, sitakitaja jina. Bawabu anaingia sebuleni kwa tajiri wake, anavua kofia, anasema: "Mdosi, kuna sida." Papo hapo kicheko cha watu wengi kikatoka kwenye spika, kile cha kubandikwa. Ndani ya hoteli tulikuwa kama watu kumi na watano, wote Wajaluo isipokuwa mimi, na hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliyekuwa akichambua mwiba wa samaki aliinua kichwa akauliza, "Sida mane?" Yaani, shida gani? Alitaka kuambiwa shida yenyewe. Akangoja. Kipindi kikaisha bila shida hiyo kutajwa, maana kwa waandishi wake neno "sida" ndilo lililokuwa mchezo mzima.

Ndugu msomaji, nimeishi miaka kadhaa kati ya Homa Bay na Migori, mimi mzaliwa wa Kibokoni, na katika jioni hizo nimetazama vichekesho vibaya vingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nyumbani Mombasa ningebadilisha stesheni. Kule rimoti haikuwa yangu. Kwa hiyo nimepata muda wa kufikiri kwa nini vingine vinakufa mbele ya macho yako, na leo nataka kuyaweka hapa, pamoja na mifano ya mbali na ya karibu.

Tuanze na maana. Kipindi cha namna hii ni mchezo wa nusu saa unaorudi kila wiki na watu wale wale mahali pale pale: nyumba, ofisi, mahakama, darasa. Kinatuchekesha kwa sababu tumeshawajua watu hao. Tunajua mume ni mwongo na mke ana macho makali, basi mume anapoingia na kifurushi kwapani tunaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Kicheko cha kubandika kilikuja kusaidia mahali ambapo ujuzi huo haupo. Fundi wa sauti wa Marekani, Charles Douglass, alitengeneza mashine yake ya vicheko katika miaka ya 1950: unabonyeza kitufe, watu wanacheka. Tangu hapo mtu anaweza kuandika mzaha usio mzaha na asijue, kwa kuwa kila akisikiliza anasikia umati ukifurahi.

Wamarekani na Waingereza wana orodha zao za vipindi vibaya kabisa, na jina halikosi la "My Mother the Car", kilichoonyeshwa na NBC mwaka 1965 na 1966. Wakili ananunua gari kuukuu, kumbe marehemu mama yake amerudi duniani akiwa ndani ya gari hilo, na anaongea naye kupitia redio. Vipindi 30. Mwaka 2002 jarida la TV Guide lilikiweka nambari ya 2 katika vipindi vibaya kuliko vyote. Mimi nadhani walikionea kidogo. Ni upuuzi, lakini hakimdhuru mtu. Waingereza walifanya kubwa zaidi mwaka 1990 kwa "Heil Honey I'm Home!", Hitler na mkewe wakiwa majirani wa familia ya Kiyahudi, kilionyeshwa mara moja tu kikatolewa. Na ABC ya Marekani mwaka 2012 ilileta "Work It", wanaume wawili wanavaa nguo za kike ili wapate kazi, kikafutwa baada ya wiki mbili. Hapo utasema mbona Joti wa Tanzania amevaa gauni miaka mingi na tunacheka? Kwa sababu Joti akivaa gauni anakuwa shangazi fulani unayemfahamu, mwenye maneno yake na visa vyake. Wale walikuwa wanaume ndani ya magauni, basi.

Hivyo vyote ni vya mbali. Kile kilichotuhusu sisi ni "Mind Your Language". Wakubwa wanakikumbuka: darasa la jioni London, wageni wanajifunza Kiingereza, mwalimu wao Bwana Brown akiigizwa na Barry Evans. Kilianza 1977. Kuna Mpakistani, kuna Singasinga, kuna Mspaniola, kuna Mchina asiyeachana na kitabu cha Mao, kuna Mjapani anayeongeza "o" mwishoni mwa kila neno. Tulikitazama sana huku kwetu na tulicheka sana, wallahi sikatai. Mwaka 1979 mkubwa mmoja wa kituo chao, Michael Grade, alikisimamisha, akiona kinawadhalilisha watu kwa asili zao. Kikafufuliwa 1986 kwa muda mfupi.

Nilikitazama tena nikiwa tayari mwalimu wa Kiswahili Homa Bay, na nilishindwa kumaliza. Sikuudhika hata, nilichoka tu. Kwa dakika tano za kwanza Mjapani akisema neno na "o" yake unacheka. Baada ya hapo hana lingine. Hana mke, hana deni, hana jambo analolitaka, ana "o". Na sisi Waswahili ndio tunaopaswa kucheka mtu anayeongeza irabu mwishoni? Sisi tuliosema basi, benki, shati na baiskeli?

Sasa tuje Kenya, na hapa nataka kwenda polepole.

Kipindi cha "Vitimbi" kilianza miaka ya 1980, zama za Sauti ya Kenya kabla haijaitwa KBC. Kabla yake walikuwapo kina Kipanga na Mzee Pembe, lakini kwa kizazi changu kichekesho ni Mzee Ojwang'. Kofia, koti, miwani, na Kiswahili cha Kijaluo. Mwenyewe aliitwa Benson Wanjau, na alikuwa Mkikuyu. Mkewe wa mchezoni, Mama Kayai, ni Mary Khavere, naye si Mjaluo. Ukihesabu juu juu utasema basi hiki ndicho kichekesho kibaya kuliko vyote: watu wa makabila mengine wanaigiza matamshi ya Wajaluo kila wiki, kwa miaka mingi, kwenye runinga ya serikali.

Lakini uliza Homa Bay. Nimeuliza gatini, nimeuliza Oyugis, nimeuliza ndani ya matatu ya Kendu Bay. Wazee wanampenda Ojwang'. Mmoja aliniambia yule ni mjomba wake kabisa, akanitajia na kijiji. Alipofariki Julai 2015 watu walimlilia kama mtu wa nyumbani. Sababu si ngumu. Ojwang' alikuwa na mambo: ana tamaa ya fedha, anakopa, anadanganya, anamwogopa mkewe, na mkewe anamshinda kila mara. Ukimwondolea matamshi yake, ukamfanya Mdigo au Mpemba, kisa kinabaki vile vile na kinachekesha vile vile. Matamshi yalikuwa kama kofia yake tu.

Waliomfuata walichukua kofia wakamwacha mtu. Ndiyo hasara yenyewe. Wakatazama Ojwang' wakasema kumbe siri ni "sida" na "samba". Dholuo haina sauti ya "sh" wala "z", kwa hiyo Mjaluo wa kijijini huweka "s" mahali pake. Si uvivu wala si ujinga, ni lugha yake. Ukimjua hilo, mzaha umekwisha kwa sentensi moja. Wao wakaufanya udumu misimu minane.

Kuna jambo lilinifurahisha sana pale hotelini. Katika "Papa Shirandula" ya Citizen kulikuwa na mtu anaitwa Otoyo, Kiswahili chake kizito cha ziwani. Nikawaambia wenzangu: huyo jina lake ni Kazungu Matano, ni Mmijikenda, mtu wa kwetu Pwani. Walikataa. Mama mwenye hoteli aliacha kupima omena akaja kunitazama usoni. "Japuonj," akaniambia, maana yake mwalimu, "huyo ni wa hapa." Nikawauliza, jina la Kazungu mmelisikia wapi katika Ujaluo? Wakanyamaza kidogo, kisha kijana mmoja akasema basi wanaazima, tusimrudishe. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko tuzo yoyote. Na "Papa Shirandula" yenyewe, marehemu Charles Bukeko aliyetutoka Julai 2020, ilisimama juu ya jambo moja zuri sana: mzee ni bawabu, na anamficha mkewe, anayedhani ana kazi ya ofisini. Hapo huhitaji kabila lolote. Kila mwanamume aliyewahi kudanganya kuhusu mshahara anatoka jasho. Ilichoka baadaye, kama kila siri inavyochoka ikifichwa miaka mingi, wageni wakazidi kuingia bila kazi, lakini mwanzo wake ulikuwa sawasawa.

Nasi Wapwani je? Tusijifanye tumesahau. Katika vichekesho vya Nairobi Mpwani anakuja kwa namna tatu: amelala, ana jini, au anasema "yakhe" mara nne ndani ya sentensi moja. Kanzu, kofia ya vito, kikombe cha kahawa, maneno yamevutwa kama kamba ya ngalawa. Sijawahi kumwona Mpwani wa runingani akiwa amechelewa kazini kwa sababu feri ya Likoni imeharibika, jambo ambalo lina vichekesho vya kutosha mwaka mzima.

Wiki moja baada ya kuonyeshwa mchezo wa namna hiyo niliingia darasani, kidato cha pili, mvulana wa nyuma akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, na wewe uko na jini?" Darasa likavunjika mbavu. Nilikasirika, na sikuficha. Niliwapa hotuba ndefu juu ya heshima.

Sasa sikiliza nililolifanya mwenyewe wiki hiyo hiyo. Tulikuwa kwenye fasihi simulizi, na kulikuwa na mwanafunzi mmoja, kijana kutoka upande wa Ndhiwa, aliyejua ngano kuliko kitabu chochote nilichokuwa nacho. Nyanya yake alimlisha hadithi. Alisimama kusimulia, akafika mahali sungura amepata shida, akasema "sida". Nami, mwalimu, mtoto wa Kibokoni, nikavaa sauti ya Ojwang' nikarudia: "Sida!" Walicheka kuliko walivyocheka lile la jini. Yeye akatabasamu, akamaliza haraka haraka, akaketi. Hakuinua mkono tena katika somo langu. Muhula huo, na uliofuata, na hata kidato cha tatu. Nilipomwita asome alisoma kwa sauti ya chini, akiyaruka maneno yenye "sh". Nilimsikia akitafuta njia za kuyakwepa: badala ya shamba alisema konde. Msamiati ulikuwa mzuri, na kila alipousema nilijua kwa nini.

Na la kuchekesha, kama lipo, ni hili: mimi mwenyewe nasema Kimvita. Nikimwita mtoto haraka mdomo unasema "ndoo" badala ya "njoo", na wanafunzi wangu walikuwa wakitazamana kutafuta ndoo iko wapi. Hawakuwahi kunicheka kwa sauti, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika chaki.

Kwetu tuna utani. Mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, hata msibani, lakini ruhusa hiyo ina upande wa pili: nawe utamjibu, na atakaa kimya akipokea. Kipindi cha runinga hakijibiwi. Bawabu wa "sida" hawezi kugeuka akamwambia mwandishi neno. Mzee wa Homa Bay anaweza kuuliza "sida gani" mpaka usiku wa manane.

Wajaluo wenyewe wana kichekesho chao ambacho sijakiona katika mchezo wowote wa runinga. Kinaitwa pakruok. Kwenye sherehe, mpiga nyatiti au bendi ikiwa inaendelea, mtu anasimama, anatoa fedha, anausimamisha muziki, kisha anajisifu au anamsifu rafiki yake kwa maneno ya kupindukia. Waliopo wanamshangilia, mwingine naye anatoa zake, anamsimamisha huyo, anajisifu zaidi. Nilihudhuria moja upande wa Rongo, rafiki akinitafsiria sikioni. Mwalimu mwenzetu, mtu mdogo wa mwili ambaye mshahara wake naujua kwa kuwa ni kama wangu, alijitangaza kuwa yeye ndiye mvua inayochagua shamba la kunyeshea. Hakumaliza kukaa, mwingine akalipa na kusema yeye ni kijito kilichoikataa mvua hiyo. Watu walilia machozi. Nilikumbuka harusi za kwetu, wanawake wakienda kutuza taarabu na noti mkononi, kila mmoja akijua beti ile inamwendea nani na atajibiwa na nani wiki ijayo. Vitu hivi viwili ni ndugu kabisa. Mwandishi wa kichekesho anayemtaka Mjaluo ana hazina nzima ya namna hiyo mlangoni, anaiacha, anaokota herufi "s".

Migori mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mwisho wa mwezi nilikuwa nikishuka kupitia Rongo na Awendo kumtembelea rafiki mmoja wa Tana River anayeuza nguo karibu na stendi. Migori ina kila mtu: Wajaluo, Wakuria, Wasuba, Wasomali, Waluhya, na Isebania haiko mbali, ukivuka mpaka uko Sirare, Tanzania. Kwa kinyozi aliyekuwa jirani na duka la rafiki yangu, video zilizochezwa mara nyingi zilikuwa za King Majuto. Marehemu Amri Athumani, mtu wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018. Mara nyingine za kundi la Ze Comedy, wale walioanza EATV wakahamia TBC1 na kuitwa Orijino Komedi.

Nilikaa pale nikahesabu vicheko, kazi ya mtu asiye na kazi. Mkuria alicheka, Msomali alicheka, Mjaluo aliyekuwa nusu kichwa kimenyolewa alimwambia kinyozi asimame kwanza amalize kucheka. Majuto alikuwa mzee bahili anayekataa kutoa fedha ya nyama mbele ya mgeni. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga, na hakuna hata mmoja pale aliyecheka Utanga wake. Walicheka ubahili. Kila mmoja alikuwa na mjomba wa namna ile. Kinyozi akasema baba mkwe wake ni huyo huyo, tofauti ni kofia.

Sitaki kuwalaumu waigizaji wetu peke yao. Kanuni za utangazaji nchini zinataka angalau asilimia 40 ya vipindi viwe vya Kenya, na mimi naiunga mkono. Bila hiyo tungekuwa tunatazama wapenzi wa Mexico na Ufilipino mpaka alfajiri. Lakini stesheni inayotaka kujaza saa kwa bei nafuu itachukua sofa moja, ukuta mmoja uliopakwa rangi ya chungwa, na mwandishi mmoja anayetoa mchezo kila wiki. Mtu aliyebanwa na muda hafikirii shida ya bawabu. Anampa kabila. Mluhya anakula, Mkikuyu anahesabu fedha, Mkamba anaroga, Mpwani amelala, Mjaluo anajivuna kwa "s". Ukishagawa makabila hivyo mchezo unajiandika wenyewe, ndiyo maana kila mchezo ni ule ule.

Wengine watasema tunalegea siku hizi, kila kitu kinatuudhi. Sikubaliani. Homa Bay haikuudhika. Yule mzee hakuudhika na neno "sida", hata hakuliona. Alichotaka ni kisa, na alikuwa tayari kucheka, ameshakula, ameketi vizuri. Watu wa namna hiyo ukishindwa kuwachekesha, tatizo haliwezi kuwa lao.

Yule mwanafunzi wangu alimaliza kidato cha nne, na alama ya Kiswahili ilikuwa nzuri, ingawa najua ilistahili kuwa nzuri zaidi. Sikuwahi kumwomba radhi. Nilipanga mara mbili, nikaona aibu mara mbili. Mwaka uliofuata nilikuwa Rodi Kopany nikitafuta gari la kwenda Rongo, jua kali, begi begani. Matatu ikasimama mbele yangu na makanga akaning'inia mlangoni. Alikuwa yeye. Amenenepa kidogo, shati la bluu, noti zimekunjwa kati ya vidole. Alinitazama, akapiga bodi la gari mara mbili, akaita kwa sauti ambayo stendi nzima iliisikia, kwa mvuto wa Kimvita usio na kasoro hata moja:

"Ndoo, mwalimu! Ndoo, yakhe, ndoo upande!"

Mama mmoja ndani ya gari akaanza kutazama chini ya kiti, akitafuta ndoo. Abiria wakacheka, nami nikacheka hadi begi likaanguka. Nikapanda. Akanitoza nauli kamili.